Mashine Iliyowanyamazisha Wazee wa Mella

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nikaanza kubeba betri na vipaza sauti vya wahubiri sokoni Busia. Kazi ya sauti nilifundishwa na masikio yangu. Ndiyo maana mtu akinitikisia cheti usoni, damu inachemka.

Miaka mingi baadaye, Tororo waliniita nisaidie kufunga vyombo katika ukumbi mpya wa mikutano. Wakubwa wa serikali wangekuwa Kampala, wazee wafugaji wa Mella wangekaa humo ukumbini, waongee kwa skrini kuhusu malisho yao. Wakubwa walitaka kuyazungushia ua. Wazee wakishindwa, ng'ombe hawana pa kwenda.

Injinia wao, bwana vyeti, aliweka maiki puani pa spika, katika chumba cha vioo na vigae. Tulipojaribu, Kampala wakalalamika kwamba sauti zao zinawarudia.

Zisirudi kwa nini? Sauti yao inatoka kwa spika, inagonga vioo, inaingia kwenye maiki, inarudi kwao. Huo ndio mwangwi. Mashine ya kuuondoa ni kama mpima mahindi: anajua uzito wa debe tupu, anautoa, yanayobaki ni mahindi. Mashine huidaka sauti ya Kampala kabla haijafika kwa spika, hujifunza chumba kinavyoigeuza, kisha huitoa katika kile maiki inachosikia. Zinazobaki ni sauti za waliomo chumbani. Lakini spika ikipayuka karibu na maiki, hesabu inaharibika.

"Injinia, sogeza maiki, punguza spika, tundika mapazia."

"Mzee, wewe umesomea wapi?"

"Sokoni. Wewe masikio uliyasahau shuleni?"

Hakusogeza kitu. Aliiamuru mashine ifunge maiki zetu kila Kampala wanapoongea. Mwangwi ukaisha, akajipigia makofi.

Mpumbavu! Wazee wa Mella hawangoji msemaji amalize ndipo wakatae. Wanakataa papo hapo, wote pamoja, kwa mngurumo wa koo. Akimaliza, wanatulia. Wameshajibu.

Siku ya mkutano, mkubwa mmoja wa Kampala akasoma habari ya ua. Wazee wakanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Kampala hawakusikia hata chembe. Akamaliza, nao wakatulia.

"Naona hakuna pingamizi," akasema. "Basi tuandike kwamba wamekubali, na kazi ianze..."

"Nani amekubali?" mzee mmoja akaruka. "Hii nyasi ni ya ng'ombe yetu!"

Mkubwa alikuwa bado anaongea, kwa hiyo na huyo mashine ikamziba.

Nikainuka. Injinia akanikamata shati, nikamsukuma. Nikaifuta amri yake, nikashusha spika, nikabeba maiki hadi katikati ya wazee. Nikawaambia Kampala wahesabu moja mpaka kumi, mashine ijifunze upya.

"Sasa soma tena, mkubwa. Hukuwasikia."

Hata mstari wa kwanza hakuumaliza, wazee wakanguruma.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Si kelele. Ni jibu."

"Jibu gani?"

"Hapana!" wazee wakapaza sauti wote.

Ua haukujengwa. Mwenye ukumbi alinifukuza siku ileile, akabaki na injinia wake. Sijasamehe, na asije mtu kunihubiria nisamehe.

Leo nina nyumba ya matofali Busia, vyumba vinne. Spika sita. Mashine ya kuondoa mwangwi, mali yangu mwenyewe. Pikipiki. Ng'ombe mtamba mmoja niliyepewa na wale wazee. Yuko Mella, anakula nyasi.