Pazia la Sherehe ya Chuo

Chuo cha walimu kilipotimiza miaka kumi, wakubwa wake walitaka mji wote uje ufurahi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Tanga. Siye wanawake wa Ngamiani tulikuwa na haki yetu pale, maana wale walimu wanafunzi walijifunzia kusomesha kwa vichwa vyetu, alasiri, tukishamaliza kazi za nyumbani. Miye niliishia kusoma kwa kudokoa dokoa, ndiyo elimu yangu yote. Dada yangu alinipita mbali. Akachaguliwa asome ukurasa mmoja mbele ya watu siku ya sherehe.

Akawa anajizoeza jikoni. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa kuchemsha maji ya kunywa. Mama mkwe wake akamwambia, "Haya, bi mwalimu, maji yenyewe yamekauka sufuriani."

"Si yamechemka hayo, mama," dada akajibu, wala hakuinua macho.

Siku ikafika. Uwanjani mpira, ngoma, chai na maandazi ya bure. Wanawake tulijengewa jukwaa letu la mbao, likazungushiwa pazia la kitambaa cha marekani, tuchungulie kwa matundu tusionekane. Fundi alitaka kuongeza nguzo. Mwalimu aliyeshika sherehe akamwambia hakuna wakati, Bwana Diisii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, yuko njiani, gonga misumari utoke. Huyo wa kwanza.

Ndani joto. Tukavua mabuibui, tukakaa vichwa wazi kama tuko uani kwetu. Dada alikuwa mbele, anangoja kuitwa. Jukwaa likalalia upande, likaanguka, pazia likabaki limening'inia kwenye miti yake. Mbao zikamwangukia dada kifuani. Miye nyonga ikavunjika.

Wanaume walikuja mbio mpaka penye pazia, wakasimama. Niliiona miguu yao kwa chini. Mwalimu mkuu akasema, "Wangojeni wajisitiri kwanza." Huyo wa pili.

Nikapiga kelele, "Tumeshajisitiri, ingieni."

"Hapana, mna wake za watu humo." Sauti niliijua. Shemeji yangu, mume wa dada mwenyewe. Huyo wa tatu.

Akatumwa mtu Ngamiani kumwita kungwi aje na kanga atufunike. Dada alikuwa bado anapumua, nimemshika mkono. Kungwi alipofika alimfunika kuanzia miguuni, kisha akamfunika na uso.

Matangani waliniambia ndivyo Mungu alivyopanga. Mungu hakupigilia misumari, wala hakusimama nje ya pazia. Hata sasa nikiandika ni kama naandika habari za mtaa mwingine.

Mwaka uliofuata wakasherehekea tena. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani, akataka nisome ukurasa ule ule, ati kumkumbuka marehemu. Nikaenda na mkongojo wangu. Jukwaa lilikuwa na nguzo nene. Pazia lilikuwa lile lile, limefuliwa. Nikasoma nyuma yake, polepole: maji yachemke, yapoe, yafunikwe. Nje wakapiga makofi. Shemeji nilimwona kwa tundu, naye anapiga.

Mke wake mpya alikuwa huku ndani, kakaa ubavuni kwangu, anajipepea. Akaanza kufungua buibui.

"Usivue," nikamwambia.

"Na joto hili, dada?"

"Usivue."