Sikuacha Kazi, Niliachishwa: Safari ya Maretadu hadi Katesh

Nilitoka nyumbani Maretadu kwenda Katesh kwa sababu ya neno moja. Nilikuwa nimeomba fao la upotevu wa ajira kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, nikajibiwa kwamba ombi langu haliwezi kuendelea. Fao hilo hupewa mtu aliyepoteza kazi bila kupenda mwenyewe, na taarifa ya mwajiri wangu ilisema nimeacha kazi. Sikuacha. Niliachishwa. Ukiyasoma haraka maneno hayo utadhani ni mamoja, lakini moja lilinipa haki ya kulisha wanangu wakati nikitafuta kazi nyingine, na lingine lilininyima.

Nieleze kwanza yaliyonipata. Nilikuwa karani wa mizani katika shamba kubwa la ngano upande wa Basotu, wilaya ya Hanang. Lori likipanda kwenye mizani, mimi ndiye niliyesoma uzito na kuutamka kwa sauti, ili dereva na wapakiaji wasikie wote hata upepo ukivuma. Baadaye shingo yangu ikaanza kuvimba. Lilikuwa rovu, ugonjwa ambao huku kwetu milimani si mgeni, ila la kwangu liliota kuelekea ndani mpaka nikawa siwezi kulala chali. Nilikwenda hospitali ya misheni mara kadhaa kwa vipimo, na kila mara msimamizi wangu, kijana aitwaye Ombeni, alinipa ruhusa kwa mdomo. Mwishowe nikapasuliwa. Daktari alikuwa amenieleza mapema kwamba uvimbe umeushika mshipa unaoongoza sauti, na huenda nikakaa muda mrefu bila kusikika vizuri.

Niliporudi kazini, mlinzi alinisimamisha getini. Aliniambia nafasi yangu imepata mtu, kwamba meneja amesema hawezi kuendesha mizani na karani ambaye kila mara yuko hospitali. Nilitaka kubishana. Kilichotoka mdomoni kilikuwa hewa tu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba maofisa wa mfuko watafika Katesh kusikiliza wanachama, niliamua kwenda. Mume wangu Emanueli alitaka tufuatane. Alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa na maharage yaliyokwisha kukauka shambani, lakini alikuwa tayari kuyaacha.

"Utasemaje na sauti hiyo, Mama Tumaini?" aliniuliza. "Niache nikusemee."

Nilimwambia hakuwapo pale getini. Akaenda kunitafutia usafiri.

Asubuhi nilipata nafasi katika lori lililopakia vitunguu saumu Bashay, likielekea Singida kupitia Katesh. Dereva alikuwa mtu mzima kutoka Daudi, rika la baba yangu. Nilipanda, nikasema shikamoo, naye akatazama mbele bila kujibu. Tulipokwisha kutoka kijijini aliniuliza kwa upole kama siku hizi watoto wa Maretadu hawafundishwi kusalimia. Nilishusha mtandio kidogo nikamwonyesha kovu. Aliduwaa, akasema marahaba mara mbili, na tangu hapo akawa ananong'ona na yeye. Nimeona jambo hili kwa watu wengi: ukiwanong'oneza, nao hunong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Tulikwenda hivyo ndani ya kibanda kilichojaa harufu ya saumu, injini ikiunguruma, watu wawili tukinong'onezana habari za mvua na bei ya mbegu.

Baada ya kuipita Haydom, vilima vyetu vilianza kulegea. Mashamba madogo yenye alizeti pembeni na nyumba katikati yakabaki nyuma, na mbele yetu nchi ikafunguka. Mtu aliyezoea Mbulu, ambako kila uendako unapanda au unashuka, akifika Basotu hujiona hana pa kujificha. Ngano ilikuwa imeiva mpaka macho yanapokomea, na nyuma yake mlima Hanang umesimama peke yake. Kandokando ya barabara Wabarabaig walikuwa wakiswaga ng'ombe wao kwenda kunywa maji katika ziwa la Basotu, wakiwazuia wasiguse ngano ya kampuni. Nilikuwa nimeipita njia ile mara nyingi nikienda kazini, na sikuwahi kuiogopa. Siku hiyo niliiogopa.

Adhuhuri nilishuka kwenye njia panda ya shamba, maana nilitaka kuonana na Ombeni kabla ya kufika Katesh. Mlinzi hakuniruhusu kuingia, lakini alikubali kumwita. Ombeni alikuja akitazama nyuma. Alinipa pole ya upasuaji, akaulizia watoto. Nilipomwomba anisaidie kueleza kwamba alinipa ruhusa zile, alishika waya wa uzio akaanza kuuchezea. Alisema mke wake anajifungua mwezi huu. Alisema kazi siku hizi ni ngumu, na kwamba yeye hakumbuki vizuri tulizungumza nini na lini.

"Dada, nisamehe," alisema. "Ukinitaja, na mimi natoka."

Sikumtukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, lakini nilipomwona pale uzioni nilijiona mimi mwenyewe siku ile getini. Nilimwambia amsalimie mke wake.

Jioni hiyo nilifikia kwa Zainabu, mpishi wa kambi ya vibarua, mama wa Kikondoa ambaye tulikula naye pamoja miaka yote ya kazi. Anaishi Basotu katika vyumba viwili na wajukuu wake. Alinipikia uji mwepesi bila kuniuliza, kwa sababu aliona namna ninavyomeza. Nilipomaliza kumsimulia ya Ombeni alisema kwamba siku moja alikuwa akigawa chai pale mizani na alisikia kwa masikio yake msimamizi akiniambia niende hospitali, nisiwe na wasiwasi. Akasema kesho atafunga jiko twende wote Katesh akaseme.

Niliutamani sana ushahidi ule. Lakini niliwatazama wale wajukuu wakilamba masufuria, nikajua jiko hilo likifungwa siku moja laweza kufungwa moja kwa moja. Nilimkatalia. Zainabu alikasirika, akaniambia ninamfanya mtoto mdogo. Tulilala hatujaelewana vizuri, na alfajiri alinisindikiza barabarani, akiwa amenifungia chapati kwenye kitambaa.

Asubuhi nilifika Katesh. Mji ule, tangu matope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani yakafukia nyumba, watu wake wakizungumza huutazama mlima kwanza. Maofisa walikuwa katika ukumbi jirani na mashine ya kusaga, na benchi zilikuwa zimejaa. Nilisubiri nikiyapanga maneno yangu. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba mashine ile haitazimwa, nami nitaambiwa nirudi siku nyingine na mtu wa kunisemea.

Zamu yangu ilipofika nilijikuta mbele ya dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, amevaa sweta zito kuliko wenyeji wote. Nilianza kusema. Aliinama, akainama zaidi, kisha akainuka, akafunga dirisha, akahamisha kiti chake kutoka ng'ambo ya meza na kuja kukaa ubavuni mwangu, bega kwa bega.

"Anza tena, mama," alisema. "Taratibu. Sina haraka."

Nilimweleza yote. Aliangalia vyeti vya hospitali, akaniambia wazi kwamba vinaonyesha nilikuwa mgonjwa, lakini havionyeshi kama niliachishwa. Mwajiri akishikilia kwamba niliondoka mwenyewe, itabidi niende kwenye usuluhishi wa kazi kwanza, na huko nimekwisha chelewa. Ningelazimika kuomba niongezewe muda. Aliniuliza kama yupo mtu kazini anayeweza kuthibitisha. Nilisema yupo, ila siwezi kumtaja. Sijui ni Zainabu au Ombeni niliyekuwa nikimkusudia. Labda wote.

Akachukua simu na kumpigia meneja, akaiweka ili na mimi nisikie. Meneja alijibu kwa adabu. Alisema karani yule alitoroka tu, hakuaga, na kampuni haikuwa na la kufanya. Afisa akamwambia kwamba karani mwenyewe yupo hapa, akanisogezea simu.

Nilimsalimia meneja. Nilimwambia mimi ni Paskalina, nilikuwa mizani, na kwamba nilirudi kazini nikazuiwa getini kwa agizo lake.

"Sikusikii," alisema. "Paza sauti."

"Siwezi kuipaza," nilimjibu. "Ndiyo maana nilikuwa hospitali."

Pale ukumbini mashine ilikuwa bado inasaga. Nilimsikia meneja akihema, kama mtu aliyeketi ghafla, akasema ataulizia kwa msimamizi kisha atapiga. Hakuniomba radhi, wala sikuitegemea. Lakini mpaka siku ile nadhani alikuwa hajajua ninaumwa nini. Kwake nilikuwa karani asiyeonekana.

Tulikaa tukisubiri, yule dada akihudumia wengine na kila mara akinigeukia. Mchana simu ililia. Alisikiliza, akaandika, akashukuru. Kisha akarudi kukaa ubavuni mwangu akaniambia kwamba msimamizi ameulizwa, naye amekubali kuwa alinipa ruhusa kila mara. Kampuni itarekebisha taarifa iseme kwamba ajira ilisitishwa kwa sababu ya afya yangu. Kazi hainirudii, alisema, hilo nisilitegemee. Ila ombi langu litaendelea.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ukumbi nikala chapati za Zainabu. Sikulia wala kucheka. Nilikuwa nafikiria uzio ule, na mkono wa Ombeni ukichezea waya.

Siku ya kurudi nilishuka Basotu kumwona Zainabu. Alinipokea kama hatukuwahi kukorofishana. Ombeni alipata habari kwamba nimefika, akaja. Safari hii hakutazama nyuma. Nilimwambia sikumtaja. Alisema anajua.

"Waliniuliza tu," alisema. "Ningeweza kukataa. Nilishafungua mdomo nikatae, nikashangaa nimesema ndiyo."

Nilimuuliza itakuwaje sasa. Alisema hajui, labda watamwacha aendelee na kazi mpaka mavuno yaishe. Alisema mke wake amejifungua mtoto wa kike. Zainabu akamkamulia limau kwenye chai, tukanywa, tukazungumza habari za mtoto.

Nyumbani Maretadu nilikuta ndama amezaliwa na maharage yamefikichwa. Fao lilikuja baadaye. Halikunitajirisha, na lilikuwa na mwisho wake, lakini lilinipa miezi ya kupona bila kwenda kugonga milango ya ndugu. Katika miezi hiyo sauti ilianza kurudi kidogo kidogo, nene kuliko ya zamani, kama ya dada yangu mkubwa. Nimejifunza kwamba kuna kuomba na kuna kudai, na kwamba mtu aliyezoea kuomba huhitaji safari ndefu kabla hajathubutu kudai. Nimejifunza pia kwamba haki yangu haikupita kwa mdomo wangu peke yake. Ilimpitia mtu mwingine, na ilimgharimu.

Maana mavuno yalipokwisha, Ombeni aliambiwa asirudi. Alikuja Maretadu na mke wake, mtoto mgongoni, akakaa jikoni kwangu akiwa hajui pa kuanzia. Hakulaumu. Aliuliza tu pale kwa maofisa wa mfuko pakoje, na wanasemaje na mtu.

Wiki iliyofuata, maofisa waliporudi Katesh, nilifuatana naye. Yule dada wa Lindi alinitambua, akaniuliza kama nimekuja kumsemea. Nilimwambia hapana, anaweza kusema mwenyewe. Nikavuta kiti, nikakiweka karibu na cha Ombeni, bega kwa bega, nikakaa.