Baba alifariki tukiwa lockdown Sydney: hivi ndivyo marafiki wa weekend walivyonifanyia matanga

Wakuu, nawasalimu wote humu.

Mimi ni msomaji tu, huwa sianzishi uzi. Ila kila nikikuta mtu kaandika kwamba ughaibuni kila mtu na lwake, roho inaniuma kidogo. Ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe. Nimebadili majina tu.

Nilifika Sydney kusoma master's miezi michache kabla Corona haijafunga mipaka. Nikapanga chumba cha uani Granville, magharibi mwa jiji, nikawa mtu wa chuo, supermarket, kitanda.

Siku moja nipo kwenye treni naongea na baba kwa simu. Nilipokata, dada mmoja wa kiti cha mbele akageuka.

"Wewe ni Mtanzania. Hiyo Kiswahili yako iko polepole sana."

Huyo ndiye Wambui, nesi kutoka Kenya. Akaniuliza weekend huwa naenda wapi. Nikamwambia nalala. Akachukua namba yangu akaniingiza kwenye group lao.

Group lilikuwa dogo. Wambui, Amani ambaye ni Mkongo wa Bukavu anafanya kazi kiwandani Fairfield, na Mama Furaha, Mkongo pia, anahudumia wazee na anakaa Doonside na binti yake.

Lockdown ya kwanza ilivyoisha, kila Jumamosi tukawa tunatoka. Tunapanda treni mpaka mwisho wa reli, tunashuka, tunaona kuna nini. Mara milimani kwenye baridi, mara baharini. Mama Furaha hakuwahi kuingia kwenye maji hata siku moja. Alikuwa anakaa kwenye mchanga na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, ameifunga kwa kitenge, anatusubiri tutoke na njaa.

Wazungu wanaota jua na sandwich zao, sisi tunakula ugali kwa mkono.

Kiukweli niliona ni starehe tu. Sikujua natengeneza ndugu.

Ikaja Corona ya Delta. Sydney ikafungwa tena, na safari hii upande wetu wa magharibi ndio ukabanwa zaidi. Usitoke zaidi ya kilomita tano. Usimtembelee mtu. Mazoezi ya nje ruksa, lakini watu wawili tu.

Katikati ya hapo dada yangu akanipigia kutoka Singida. Baba aliumwa kidogo tu, akafariki.

Mipaka imefungwa. Hata ningepata ndege ya kutoka, sikuwa na uhakika wa kurudi kumaliza chuo. Dada akasema, "Baki huko, tutamzika. Baba mwenyewe angekukatalia."

Mazishi niliyaangalia jioni kwenye simu. Network ikawa inakata. Waliposhusha jeneza picha ikaganda, ilivyorudi watu walikuwa wanaweka mashada.

Sikumwambia mtu. Niliona kila mmoja ana mzigo wake, nisiwaongezee. Nikafunga mapazia nikalala.

Wambui akaona sijibu kwenye group. Akapiga mpaka nikapokea. Nilipomwambia akasema, "Vaa viatu. Nakuja hapo nje."

"Wambui, hairuhusiwi."

"Exercise inaruhusiwa. Tuko wawili. Mimi nakaa Merrylands, si mbali. Toka."

Tukazunguka uwanja wa mpira wa karibu, barakoa usoni. Hakunipa mahubiri. Alikuwa ametoka shift, miguu inamuuma naona kabisa, lakini alitembea na mimi mpaka nikaanza kuongea.

Kesho yake akaja Amani, naye anakaa ndani ya zile kilomita tano. Siku iliyofuata Wambui tena. Kumbe walikuwa wamepangana.

Mama Furaha alikuwa nje ya kilomita tano. Akanipigia.

"Mutoto yangu, vaa kiatu. Na mimi niko natoka ku huku kwetu. Tutatembea pamoja."

Basi mimi nazunguka Granville, yeye anazunguka mitaa ya Doonside, simu sikioni. Namsikia anahema kwenye kilima. Kuna siku nilimsikia Furaha akimwambia, "Mum, you're walking too fast," naye akajibu, "Acha, tuko ku matanga."

Hapo ndipo nikaelewa wanachonifanyia. Nyumbani watu wangejaza uwanja, wangelala kwenye mikeka. Huku sheria inasema wawili, basi wakanijia mmoja mmoja.

Siku nyingine nilikuwa na Amani, nikazidiwa, nikainama nikalia pale pale njiani. Polisi wawili wakasimama. Mmoja akauliza kama tunafanya mazoezi. Amani akasema, "Yes, officer. His father passed away. We walk." Yule polisi akaniangalia, akasema, "Take your time, mate," wakaondoka.

Ilivyofunguliwa, tulikutana Doonside kwa Mama Furaha. Nilipoingia alinikumbatia kwa muda mrefu. Tukala. Baada ya chakula akazima TV.

"Sasa tuambie. Baba yako ilikuwa mutu ya namna gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikawaambia alikuwa fundi cherehani, ila mtaani walimjua kama refa wa mpira wa watoto, anachezesha na kandambili. Kwamba fainali moja alinipa mimi kadi nyekundu, nikaenda nyumbani nalia, na jioni akakataa katakata kuiongelea mechi mezani.

Amani alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Furaha alicheka, nikajua Kiswahili anakisikia vizuri tu. Nikaongeza kingine, na kingine. Ilikuwa mara ya kwanza namtaja baba huku nacheka.

Nilichojifunza wakuu: ukialikwa, nenda. Usiseme una assignment. Wale watu wa kula nao ugali ufukweni ndio hao hao watakaovaa viatu siku dunia ikikufungia.

Wambui, Amani, Mama Furaha, sijui niwashukuru vipi. Mungu awatunze.

Na wewe uliyefiwa ukiwa mbali, nani alikaa na wewe? Mtaje hapa chini, tumjue.