Mji Niliomchagulia Binti Yangu

Nacheka na wateja, lakini moyoni nimejikasirikia tangu Jumamosi. Nauza vitunguu kwa jumla hapa Kariakoo, na siku zote najiona mjuzi wa hesabu. Mjuzi gani!

Binti yangu Neema alipata vyuo viwili Marekani, kimoja kwenye jiji kubwa, kingine kwenye kamji kadogo. Nikaingia kwenye simu kutafuta wapi wanaua watu zaidi. Jiji kubwa, waliouawa kwa mwaka ni wengi balaa; kale kamji, wachache tu. Neema akasema, "Baba, subiri nikueleze." Nikamfokea: "Unieleze nini? Unataka nikupokee kwenye jeneza?" Akalia. Chuo cha jiji kubwa tukakiandikia kwamba haendi, na aliyebonyeza kutuma ni mimi.

Jumamosi Neema alikuwa dukani ananisaidia. Akaja mama mmoja amefura: "Gunia lako lina vitunguu saba vibovu! Kwa jirani yako nilinunua ndoo, nikakuta vitatu tu. Mwizi wewe!"

Nikawaka. Nikapanda juu ya magunia ili mtaa mzima unisikie. "Mama, unahesabu vibovu bila kuuliza vimetoka kwenye vingapi? Saba kwenye gunia zima, vitatu kwenye ndoo moja! Nani mbaya hapo? Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Watu wakanipigia makofi. Neema hakupiga.

"Baba," akasema, "kale kamji ndiyo ile ndoo. Siku ile nilitaka kukueleza hivyo hivyo."