Laptop Ilijiamsha, Nikamshuku Baba

Nilimwita babangu mwongo nikiwa na karatasi mkononi. Wacha niliseme hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, kwa maana najijua, nikipewa nafasi nitatafuta visababu. Sina kisababu. Kosa ni langu, na hata nikiliandika hapa bila jina bado uso unanichoma.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Nakuru. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake kule Molo, kwenye baridi ile, akijipikia viazi na kulala mapema. Nilimbembeleza mwaka mzima aje tukae naye. Mwishowe akakubali, akaja na begi moja na redio yake. Akazoea kuliko nilivyotarajia. Asubuhi yeye ndiye aliyefungua madirisha, akachemsha chai, akawasha televisheni asikilize habari. Wajukuu wakitoka shule walimkuta mlangoni.

Laptop yangu niliiacha nyumbani mchana, imefungwa, imelala, imechomekwa kwa chaji. Nikaanza kuikuta moto. Siku nyingine betri imekwisha kabisa. Sasa, laptop iliyolala haimalizi betri hivyo, na mchana nyumbani alikuwa mtu mmoja tu.

Mara ya kwanza nilimuuliza kwa upole. Akasema hajaigusa, hata hajui inafunguliwa upande gani. Tukacheka, yakaisha.

Kisha ikaja siku ya mahojiano ya kazi. Ni kazi niliyoitamani miaka mingi, na walikuwa wanihoji kwa mtandao saa kumi jioni. Nilifika nyumbani nikakuta stima imepotea tangu saa sita. Sikujali, betri nilikuwa nimeijaza asubuhi. Kufungua, giza. Imekufa! Nikajaribu simu, ikagoma. Kufikia wakati nilipompata jirani mwenye jenereta, wale watu walikuwa wamekwenda kwa mwingine, na hawakunitafuta tena.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtoto wa mtu.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za mashine. Natumia Linux, nayo huandika kila kitu: imelala saa ngapi, imeamka saa ngapi. Nikaona mstari unaosema kifuniko kimefunguliwa, saa sita na dakika nne mchana. Nikarudi nyuma siku nyingine, mstari uleule. Tena niligundua kwamba siku zote hizo zilikuwa siku ambazo stima ilipotea. Na mimi kwa ujuaji wangu nikaunganisha: televisheni ikizimika, mzee anachoka kukaa bure, anafungua laptop ya watu. Ushahidi wote nilikuwa nao, nikausoma kinyume!

Nilichapisha kurasa mbili chuoni. Baada ya chakula cha jioni nikazisoma pale mezani, mbele ya mke wangu na watoto, siku kwa siku, kama karani wa korti. Watu wa kwetu wataelewa uzito wake. Mzee hasahihishwi mbele ya mkwe wake. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikajifanya sijasikia.

"Mimi sijaguza hiyo kitu," baba akasema.

"Mzee, kompyuta haina sababu ya kukusingizia. Kuna mmoja anadanganya hapa, na si hii karatasi."

Baba aliisogeza sahani kando. Mjue kwamba mimi ni kifungua mimba, nimebeba jina la babake, kwa hivyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita ila "baba". Siku hiyo alifuta mdomo, akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda kulala. Asubuhi akarudi Molo. Alimwambia mke wangu anaenda kupalilia viazi.

Wiki ya pili, Jumamosi mchana, mke wangu na watoto walikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nimekaa nasahihisha mitihani, laptop imefungwa mezani mbele yangu. Stima ikapotea. Baada ya sekunde chache nikasikia feni ikizunguka, na taa ndogo ya pembeni ikawaka. Nilikaa nikiitazama kama dakika mbili hivi. Kisha nikaifungua, nikatafuta kumbukumbu. Kifuniko kimefunguliwa, dakika mbili kabla sijaigusa.

Ole wangu! Kimefunguliwa na nani, na mimi nilikuwa pale?

Kumbe ugonjwa ulikuwa unajulikana. Umeme ukikatika, kidude kinachosimamia chaji huiamsha mashine. Na draiva, ile programu inayosoma hali ya kifuniko, ikiamka, hudhani kimefunguliwa hata kama kimefungwa, huandika hivyo, na mashine hubaki macho hadi betri iishe. Wenye modeli kama yangu walikuwa wameyajadili hayo mtandaoni kitambo. Dawa ni maneno mawili tu unayoongeza kwenye amri za kuwashia mfumo, kuiambia kernel, yaani kiini cha mfumo, isiamshwe na chaji na isiamini taarifa za kifuniko. Ilinichukua robo saa. Robo saa, jamani! Kila muhula nawafundisha vijana kwamba sensa hukosea, kwamba usiamini taarifa kabla hujaipima. Taarifa iliyomshtaki baba yangu mzazi sikuipima.

Kesho yake nilikwenda Molo. Nilimkuta shambani, gambuti zimejaa tope. Nikamweleza yote, nikapiga magoti kwenye matuta ya viazi, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia. Akaniinua. Akasema yameisha, hata lori huwa inapiga honi peke yake nyaya zikishikana. Akanipa nusu gunia la viazi nibebe. Kwa hivyo nimesamehewa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hakuna tena kitu cha kuomba.

Siku hizi huja kwa ajili ya kliniki ya presha. Hukaa siku tatu, nne, akarudi. Lakini hafungui madirisha. Chai hungoja apewe. Wajukuu wakimwachia rimoti mkononi, anairudisha mezani polepole. Nimemsihi, mke wangu amemsihi. Anaitikia tu kwamba ni sawa, ni sawa.

Basi wewe unayesoma, uliye na mashine inayoandika saa na dakika, iwe laptop, iwe kamera ya getini, ipime kwanza. Kaa nayo chumba kimoja uone inafanya nini hujaigusa. Na ukishindwa kujizuia, angalau muulize mtu wako faraghani, bila karatasi. Hasira hasara, nami hasara yangu inakuja na begi kila mwezi, inanisalimia vizuri.

Alhamisi iliyopita mke wangu na watoto walikuwa wamekwenda kwa shangazi, nami mkutano ukanichelewesha. Nilifika saa moja na nusu, nyumba giza tupu. Nikadhani stima imepotea. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, koti mwilini, mikono mapajani. Nikamuuliza mbona hakuwasha taa.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Sikutaka kuguza."