Fundi Mizani na Ubeti wa Tatu

Kazi ya fundi mizani ilikuwa kuzunguka miji akikagua kama mizani za maduka zinasema kweli, na kazi hiyo ilimvimbisha kichwa. Akajiona anaweza kupima kila kitu, hasa muziki, na hasa wimbo mmoja wa bendi iliyokufa zamani. Siku hizi anajicheka mwenyewe akisimulia. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Mashabiki wenzake alikutana nao njiani, kwenye foleni za tiketi na nyumba za wageni. Ilitosha apige mluzi wa gitaa la mwanzo, mtu akageuka, wakashikana mikono kama ndugu waliopoteana. Urafiki ulidumu beti mbili. Mwenzake alipoingia ubeti wa tatu, fundi mizani alimkata kauli.

"Hakuna ubeti wa tatu. Huo wameupachika wahuni wa redioni. Mimi nina kaseti yenyewe!"

Kisha alimwonyesha jinsi, beti mbili zikiisha, mpiga ngoma anavyogonga kijiti mara moja, tk, na tarumbeta zikaingia. Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Safari hii alikuwa kwenye treni akienda kwa dada yake, nesi aliyestaafu wiki ile, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mdogo. Alikuwa amejitolea kuimba kwenye sherehe, na dada alimjibu kwenye simu, "Imba chochote, mdogo wangu, ila wimbo ule usije nao kwangu." Lilimkaa rohoni neno hilo. Alitamani, hata mara moja tu, dada aupende wimbo wake, kwa hiyo akaamua kuuimba hivyo hivyo.

Alipokuwa akijinoa kwa sauti ya chini, mama mtu mzima aliyekaa mbele yake, mkoba wa bisibisi mapajani, akaitikia. Wakaimba beti mbili wakichekeana. Fundi mizani akagonga dirisha, tk, akavimbisha mashavu kwa tarumbeta.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo tk umeitoa wapi?"

"Kijiti cha mpiga ngoma, mama, kwenye kaseti yangu. Si kila sikio linaisikia."

"Nimetengeneza redio miaka thelathini. Hiyo ni seloteipu. Kaseti yako ilitafunwa, mtu akakata mkanda ulioharibika, akaunga."

Fundi mizani akacheka. Halafu akaacha kucheka, maana alimkumbuka aliyeunga.

Fundi mizani mwenyewe alikuwa na miaka saba. Yeye ndiye aliyechokonoa redio mpaka mkanda ukatoka nje wote, na dada akakaa sakafuni na mkasi mchana kutwa. Tangu siku hiyo, wimbo ulipofika pale, dada alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akaimba ubeti uliopotea kwa mdomo wake, ili mdogo wake asiukose. Na mdogo wake akamfokea, "Nyamaza, unaniharibia wimbo!" Akamshtaki mpaka kwa mama yao. Mwishowe dada akanyamaza, na hakuimba tena nyumbani.

"Mama, mimi ni mjinga," fundi mizani akasema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kidogo," fundi redio akakubali akimenya chungwa. "Lakini tarumbeta unaipuliza vizuri."

Kwenye sherehe alisimama mbele ya manesi na majirani, akaanza wimbo uliokatazwa. Dada, sinia la glasi mikononi, akamkazia macho. Beti mbili zikaisha. Fundi mizani akanyamaza. Mtu mmoja akapiga makofi akidhani ndiyo mwisho.

"Dada, hapo pana ubeti," akasema. "Mimi siujui."

"Sema tena."

"Siujui, dada. Sijawahi kuujua."

Dada akaliweka sinia juu ya meza, akajifuta mikono polepole, akaimba. Sauti yake iliachana na wimbo tangu neno la kwanza. Fundi mizani akafungua mdomo kumsahihisha, kisha akaufunga.