Mboga ya Majani Chai

Cheptoo aliolewa karibu na Silibwet, kwenye vilima vya chai, akiwa na sufuria mbili, vibuyu vitatu vya maziwa, na maswali mengi kuliko vyombo. Tangu utotoni, kwao Siongiroi, alikuwa mtu wa kuuliza habari za chakula. Wenzake walikunywa mursik, yale maziwa lala ya kibuyu yenye vumbi la mkaa, wakapangusa midomo na kukimbilia michezo. Yeye alibaki na bakuli mkononi, akitaka kujua ni nani wa kwanza kabisa aliyewaza kutia mkaa ndani ya maziwa.

"Ni mtu aliyekosa kazi, kama wewe," mamake alimjibu, akamtuma kuni.

Jikoni kwake mwenyewe hakukuwa na wa kumtuma. Yeye na mumewe, Kipngetich, walikuwa na binti mdogo, Chemutai, kipande cha chai kisichofika ekari moja, ng'ombe wawili, na mahindi ya kuwatosha ikiwa mwaka ni mzuri. Kitu kutupwa kulimuuma. Ukoko wa ugali aliuanika juani, akauponda na kuutia kwenye uji wa asubuhi. Maji ya maharagwe aliyapikia viazi. Maua ya malenge aliyakaanga na kitunguu. Siku moja alipika viazi pamoja na ndizi mbivu ndani ya maziwa, na Kipngetich, mtu mpole asiyependa makelele, alikula mpaka akamaliza, ndipo akauliza, "Mama Chemutai, hiki kilikuwa chakula ama dawa?"

Mnamo mwaka wa tisini na tano alifika mwanamke aitwaye Amondi, kutoka upande wa ziwani. Mumewe, Gordon, alikuwa akiwasha tanuri kwenye kiwanda cha chai, na Amondi mwenyewe aliuza omena siku za soko. Cheptoo alisimama mbele ya gunia lake kwa muda mrefu bila kununua, akiviangalia vile visamaki vikavu.

"Mama, unataka ama unahesabu?" Amondi alimuuliza.

"Nataka kujua. Mnavila na vichwa?"

"Na vichwa, na macho, na mkia. Ukitoa hivyo utabaki na nini?" Amondi akacheka. Kisha macho yake yakaangukia kikapu cha Cheptoo, chenye fungu la mboga chungu za majani madogo. "Lakini wewe umetoa wapi dek?"

"Hii ni isagek."

"Ni dek. Mnapika aje?"

"Na maziwa."

"Hata sisi!"

Walitazamana kama watu waliogundua kwamba wana shangazi mmoja. Tangu siku hiyo hakuna wiki iliyopita bila mmoja wao kuketi jikoni kwa mwenzake. Cheptoo alijifunza kukaanga omena. Tatizo lilikuwa Gogo, mama mzazi wa Kipngetich, aliyeishi nao kwenye boma. Gogo hakuwahi kula samaki maishani, na alisema hawezi kula kitu ambacho kinamwangalia.

Kisha ikaja mvua ya mwisho wa mwaka wa tisini na saba, ile watu walioiita Elinino. Ilinyesha kana kwamba haijawahi kunyesha na haitanyesha tena. Daraja dogo la kuelekea kiwandani likasombwa, na lori la kubeba majani chai likaacha kuja. Chai yenyewe haikujua habari za daraja. Ilichipua kama wazimu. Watu walichuma wakapeleka kwenye kituo cha kukusanyia majani, wakangoja hadi jioni, wakarudi kesho yake na kukuta majani yamepata joto ndani ya magunia na kuwa mekundu. Karani wa kituo alitikisa kichwa tu. Yakamwagwa mtaroni.

Cheptoo alisimama kando ya mtaro huo chini ya mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Nyumbani sukuma wiki ilikuwa imeozea shambani kwa maji. Lakini kwenye chai kulikuwa na majani mabichi, laini, ya kujaza jiko la kijiji kizima, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini hayaliwi. Watu walikuwa wamezaliwa kando ya chai, wakaichuma maisha yao yote, wakainywa asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kuiweka kwa sahani.

Siku hiyo hakupeleka majani yake kituoni. Alichagua vichipukizi, akavikata kama sukuma, akachemsha na kumwaga maji mara mbili, kisha akatia maziwa na chumvi. Vilikuwa vichungu kama kwinini. Lakini vilikuwa vimekwisha kupikwa, na katika nyumba hiyo kilichopikwa kililiwa.

Asubuhi Kipngetich aliingia jikoni na macho mekundu.

"Usiku huu nimesikia mvua ikianza na kuisha mara nne," alisema. "Mama naye amemaliza kusuka kikapu. Umetupikia nini wewe?"

Cheptoo alikuwa hajalala pia, lakini badala ya kujuta alikuwa na hamu zaidi. Alimweleza Amondi kila kitu, na Amondi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umeharakisha," alisema alipopata pumzi. "Kwetu mboga chungu hailiwi siku moja. Unaichemsha, unaitia maziwa, unaiacha. Kesho unaongeza. Kesho kutwa ndiyo tamu. Uchungu unataka siku."

Maneno hayo yalimkaa Cheptoo kichwani akikamua, akisenya kuni, akisali. Uchungu unataka siku. Maziwa nayo yalitaka siku ndani ya kibuyu, na yakitoka si maziwa yale yaliyoingia. Je, majani yakikaa, si siku mbili, bali wiki?

Alichuma tena. Safari hii aliyapika kwa mvuke, yamefungwa kwenye majani ya mgomba, yakalegea. Akayasugua kwenye ungo, akayakamua mpaka maji ya kahawia yakaisha, akayashindilia ndani ya chungu kwa chumvi kidogo. Juu aliweka jani la mgomba na jiwe alilolichemsha, akakisukuma chungu nyuma ya jiko.

"Na hiyo ni nini?" Gogo aliuliza.

"Hata mimi sijui, Gogo. Ndiyo maana nimeweka."

Alifunua baada ya wiki mbili, akanusa, akafunika. Krismasi ikapita. Mwishoni mwa Januari, daraja likiwa limetengenezwa kwa magogo na lori likija tena siku mojamoja, alifungua na kuyatoa. Majani yalikuwa ya rangi ya zeituni, yana harufu kali ya uchachu, kidogo kama mursik, kidogo kama shamba baada ya mvua. Alionja kipande kidogo peke yake, akangoja mpaka kesho aone kama atakuwa mzima. Aliamka mzima. Uchungu ulikuwepo bado, lakini ulikuwa umerudi nyuma, na mbele yake kulikuwa na ladha ambayo hakuwa na jina lake katika Kipsigis wala Kiswahili.

Ndipo kazi ya kweli ikaanza, kazi ya kutafuta cha kuyalia. Yeye na Amondi waliketi mchana kutwa na bakuli kibao. Na viazi, hapana, vyote viwili vilinyamaza. Na ndizi mbivu, Amondi alitema nje ya mlango na kuomba maji. Na parachichi lililoiva, Cheptoo alifumba macho. Mafuta ya parachichi yaliufunika uchungu, uchachu ukabaki ukichezacheza juu ya ulimi.

"Bado," alisema. "Inataka kitu kikavu. Kitu cha kulia kati ya meno."

Wakatazamana. Amondi alitoa omena kwenye mfuko wake, akazikaanga bila mafuta mpaka zikalia kama changarawe, akaziponda. Wakachanganya na kitunguu kibichi. Wakala mpaka chini ya bakuli kukaonekana.

Jioni Cheptoo alimwekea Gogo kidogo kando ya ugali, na hakumficha. "Gogo, ndani kuna omena. Lakini nimeziponda. Hakuna jicho hata moja limebaki."

Gogo alilitazama lile tonge kwa muda. Kipngetich aliacha kutafuna. Mwanamke mzee alichota kwa kidole, akalamba, akatafuna polepole akiangalia ukutani, akachota tena.

"Inataka mursik," alisema, na akamimina mwenyewe.

Habari hazikukaa bomani. Akina mama wa kanisa walipokuja kusali nyumbani kwa Cheptoo mwezi wa Machi, waliomba kuonja. Mmoja alitema kwenye leso, wawili waliomba kufundishwa. Chemchirchir, mke wa mzee wa kanisa, alisema chai ni ya kiwanda na mtu asichezee riziki. Cheptoo alimjibu kwa upole kwamba ile ilikuwa riziki ya mtaroni. Walicheka, lakini watoto wa njiani walianza kumwita Mama Majani, na jina likamganda.

Mwaka uliofuata Gordon alileta mgeni, binamu yake Okeyo, mwonjaji wa chai wa kiwandani, mtu mwenye ulimi ulioajiriwa. Alionja majani yale mara tatu, akiyazungusha mdomoni kwa kelele kama anavyoonja chai kazini.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilijaribu tu."

"Kuna nchi huko Asia wanakula hivi. Nilisoma kwenye jarida la watu wa chai. Wanayafukia chini miezi mingi."

Amondi alimwangalia rafiki yake, akihofu kwamba habari hiyo itamvunja moyo. Na kweli, mikono ya Cheptoo ilianguka juu ya magoti. Alikuwa amejiona wa kwanza duniani. Halafu kitu kingine kikampanda, kikubwa kuliko masikitiko: huko mbali, kwenye kilima fulani chenye chai, kulikuwa na mwanamke aliyesimama mbele ya kichaka kilekile na kujiuliza swali lilelile.

"Wanakula na nini?" aliuliza.

"Jarida halikusema."

"Halikusema?" Cheptoo alisogeza kigoda karibu. "Kuna samaki? Kuna maziwa? Wanaweka jiwe juu, ama wanafukia hivyo tu?"

"Kwa kweli sijui, mama."

"Na huyo aliyeandika, alifika huko?"

"Nadhani alifika."

"Akaketi kwao, akapewa chakula, akarudi bila kuuliza kina nini ndani?" Cheptoo alimgeukia Amondi, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli kwa mwandishi huyo. "Sasa alienda kufanya nini?"